Wageni wa Baiskeli

Wageni wangu wa kwanza hawakualikwa na mtu. Ilikuwa mwishoni mwa masika, nimetoka kufundisha, nakimbilia kuanua nguo, nikawakuta wazungu wawili, mtu na mkewe, wamesimama langoni kwetu na baiskeli zilizotapakaa tope jekundu. Wingu lilikuwa limeshaufunika msitu wa Ngorongoro na lilikuwa linashuka kuja Karatu. Yule mwanamke aliniuliza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kama wanaweza kupiga hema uani. Niliutazama ua wangu, ambao mvua ikinyesha hugeuka mfereji, nikawaambia waingie ndani.

Tuna chumba kimoja cha ziada, alichokuwa analala mwanangu wa kwanza kabla hajaenda kutafuta maisha Arusha. Niliwatandikia humo, nikawachemshia maji ya kuoga, na jioni tukala makande na maziwa mgando. Walikula kama watu waliotoka kulima. Nilipowauliza wametoka wapi walianza kuzitaja nchi moja moja, nikaacha kuzifuatilia zilipofika tisa. Walikuwa mwaka wa pili njiani. Nikauliza nyumbani kwao wamemwachia nani. Wakatazamana, kisha mume akanieleza kwamba nyumba hawana. Waliuza kila kitu, wakabaki na kile kilichoingia kwenye mifuko ya baiskeli.

Asubuhi waliondoka kabla sijamaliza kukamua. Waliniaga wakiwa juu ya baiskeli, nami nimechuchumaa chini ya ng'ombe, siwezi hata kusimama kuwapa mkono. Nilisikia mawe yakilia chini ya matairi yao mpaka walipofika lami, halafu nikasikia maziwa tu yakiingia kwenye ndoo. Siku nzima nilikuwa mkali darasani bila sababu.

Wapanda baiskeli wana namna yao ya kupashana habari kwenye simu: nani analaza watu, wapi pana maji safi, mbwa wa wapi ni mkali. Wale wawili walinitia humo bila kuniuliza. Mwezi haukuisha, akaja mwanamume mmoja mwenye ndevu aliyekuwa anakwenda Cape Town. Baada yake wakaja ndugu wawili wa kike, kisha kijana aliyebeba gitaa bovu ambalo hakuwahi kulipiga. Kwa miaka mitatu hivi chumba kile hakikukaa wazi miezi miwili mfululizo. Sikuwatoza kitu. Majirani waliamini ninalipwa na ninaficha.

Mume wangu ni dereva wa watalii. Alikuwa anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwapeleka watu kreta ya Ngorongoro, au anakwenda Serengeti siku nne, siku tano. Kwake mgeni alikuwa kazi, na akirudi nyumbani alitaka kuvua viatu na kusikia Kiiraqw, lugha ya kwetu. Aliwavumilia wageni wangu kwa adabu, akiwasalimia, akiwauliza habari za barabara, halafu akaenda kulala. Mara moja tu alinitania kwamba mimi nalaza wazungu nyumbani huku mwenyewe sijawahi kuteremka kreta, na yeye anashuka kule mara tatu kwa wiki. Nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa. Nilikuwa nimeishi Karatu miaka ishirini na sita. Niliolewa kutoka Daa, ambako si mbali, na zaidi ya Arusha na chuo cha ualimu sikuwa nimefika popote.

Sikuweza kufika popote pia kwa sababu ya mama mkwe. Alipata kiharusi mwaka wa kwanza wa wageni, upande wa kulia ukalegea. Alihitaji mtu wa kumgeuza, kumwogesha, kumlisha uji polepole asipaliwe. Akili yake ilibaki kamili na ulimi ulirudi, ila Kiswahili kidogo alichokuwa nacho kilipotea. Alisema Kiiraqw tu, na nusu ya watu waliokuja kumwona, watoto wangu wakiwemo, walimjibu kwa Kiswahili.

Nasema haya ili ieleweke wivu wangu ulikuwa wa namna gani. Haukuwa wa nchi walizoziona. Nilikuwa nawaonea wivu kwa vitu vidogo: jinsi mtu anavyolala hadi jua litoke, jinsi anavyosema "labda nitaondoka kesho, labda keshokutwa," na hakuna ng'ombe wala mtoto wala mgonjwa anayeumia kwa hiyo labda. Wakishaondoka nilikuwa nazifua shuka zao na kumchukia kila aliyebaki ndani ya nyumba. Siku moja nilimnywesha mama mkwe uji kwa haraka mpaka akakohoa machozi yakamtoka. Hakunilaumu. Alinishika mkono kwa ule wa kushoto, akausogeza mbali na mdomo wake taratibu, kama mtu anayeondoa mkono wa mtoto kwenye moto. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka natafuta kitu cha kushika.

Mwaka wa tatu wa wageni, mwezi wa tano, alikuja yule ambaye ndiye sababu ya kuandika haya. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, umri wangu kabisa, peke yake, nywele zimekatwa kama za mvulana. Alikuja na homa. Alishuka kwenye baiskeli akakaa chini palepale langoni. Mimi na jirani tulimwinua, na kesho yake nikampeleka zahanati, wakamkuta na malaria. Alikaa kwetu siku kumi na mbili.

Nguvu ziliporudi alihamishia kiti chake chumbani kwa mama mkwe. Hawakuwa na lugha hata moja kati yao. Yeye alishona soksi na hema lake, mama mkwe alimtazama. Siku moja nikiwa nimekaa nao nakatakata mboga, mgeni aliniomba nimuulize bibi kama aliwahi kusafiri. Nikauliza kwa Kiiraqw, nikitegemea jibu la neno moja.

Mama mkwe akaanza kusimulia. Kabla hajaolewa, alisema, walikuwa wanakwenda na punda, wanawake na wanaume pamoja, wamepakia mahindi, wanapita juu ya kreta hadi kwa Wamasai wa upande wa pili. Siku nne kwenda, siku nne kurudi. Wanabadilisha mahindi na kondoo. Alitaja mahali walipolala, akaeleza ukungu wa kule juu unavyolowesha blanketi, na jinsi walivyowasha moto mkubwa kwa kuogopa simba. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote hiyo na sikuwa najua. Nilitafsiri huku kisu kimesimama mkononi.

Mgeni macho yalimng'aa. Alisema kwa Kiingereza kwamba huo ndio uhuru wenyewe, na nimwambie bibi hivyo. Nikajaribu, lakini kwa Kiiraqw sikupata neno, nikasema, "Anasema ulikuwa na maisha mazuri."

Mama mkwe alifikiri kidogo. "Mwambie tulikwenda kwa sababu kulikuwa na njaa," akasema. "Hakuna aliyetuuliza kama tunapenda."

Mgeni aliinamia tena soksi zake. Baadaye, tukiwa jikoni, aliniuliza mimi, siku nikipata nafasi ya kuondoka, ningekwenda wapi. Nilisema mambo hayo hayapo kwangu. Akasema hakuuliza kama yapo. Nikajikuta nataja Samunge, kijiji cha milimani huko Loliondo, ambacho kwa muda mfupi, watu walipomiminika huko kunywa dawa ya kikombe, kila Mtanzania alikijua, halafu kikasahaulika. Nilisoma chuo na msichana wa huko. Alikuwa anasimulia mifereji ya maji inavyopita mashambani milimani kwao, na mimi kwa sababu ya uvivu wa kufikiri nilidhani anatia chumvi. Alifariki kabla hatujamaliza mwaka wa kwanza kazini.

Mgeni alifungua ramani yake. Samunge ilikuwepo. Baiskeli haziruhusiwi kupita ndani ya hifadhi, kwa hiyo yeye angeshuka Mto wa Mbu, afuate njia ya chini mpaka Ziwa Natron, kisha apande milima. Mimi ningepanda basi la Loliondo linalopita Ngorongoro. Shule zinafungwa mwezi wa sita. Tukutane Samunge, akasema, kama mtu anayesema tukutane sokoni.

Ilinichukua siku mbili kumwambia mume wangu. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikawa na majibu yote. Aliniuliza tu ni siku ngapi. Nikasema sita. Alikuna kidevu, halafu akapiga simu kazini kuomba likizo, akampigia dada yake aje kumsaidia na mama. Nilipata hasira badala ya furaha. Miaka yote hiyo, kumbe ilikuwa simu mbili. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba miaka yote hiyo sikuwahi kuomba, na ilikuwa kweli.

Basi lilinipitia asubuhi na baridi kali. Juu ya kreta ukungu ulikuwa umeziba kila kitu, ukapasuka mara moja nikaona chini, mbali sana, ziwa jeupe na nyasi za rangi ya simba. Abiria wenzangu hawakugeuza shingo. Nikafikiria wanawake na punda wao wakipita hapohapo kwa miguu. Halafu tukashuka upande wa pili, kwenye vumbi, na kwa saa nyingi hapakuwa na kitu ila mbuga na mifugo na vijana wenye mashuka mekundu wakitutazama tukipita. Nilikuwa na mfuko mmoja mgongoni. Nilijisikia mwepesi mpaka nikaogopa.

Nililala gesti Loliondo. Asubuhi nikachukua pikipiki kwenda Samunge, na dereva, mtu mzima mwenye koti la mvua, akaniuliza nafikia kwa nani. Nikamwambia namngoja mzungu wa baiskeli. Aliniuliza tena, akidhani hakusikia vizuri. Tulipofika hapakuwa na mzungu yeyote, na hakuna aliyemwona. Dereva alinionea huruma, akanipeleka kwa shangazi yake.

Shangazi huyo alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, mjane, mwenye mbuzi kadhaa na shamba la mahindi na maharage. Hakuniuliza kitu mpaka nilipokwisha kula. Ndipo aliponiuliza nimefiwa na nani huku, au nina mgonjwa, au natafuta shamba. Nikasema hapana, nimekuja kutembea. Alilirudia lile neno, kutembea, akiliangalia kila upande.

Nilingoja siku ya kwanza, nikangoja ya pili. Mtandao ulipatikana sehemu moja tu, juu ya mwamba nyuma ya shule, na siku ya pili mchana nikiwa pale ujumbe uliingia. Mgeni wangu alikuwa amefika Natron, akakutana na wapanda baiskeli wengine watatu wanaokwenda Longido ili wavukie Namanga, na kwa kuwa kundi lilikuwa zuri ameamua kwenda nao. Aliandika kwamba ana hakika nitaelewa, na kwamba Samunge nitaifurahia.

Nilikaa juu ya mwamba ule nikiusoma tena. Nilikuwa nimemlisha supu kwa kijiko. Nilikuwa nimewaacha watu nyumbani. Nilitunga majibu makali, nikayafuta. Na katikati ya hasira niliona kitu ambacho kwa miaka mitatu nilikuwa nakiona na kukipa jina zuri. Ile labda yake, labda kesho, labda keshokutwa, ilikuwa na mtu upande wa pili anayengoja. Safari hii mtu huyo alikuwa mimi. Sikumwona kuwa ni mtu mbaya. Niliona tu kwamba yeye na mimi hatukutumia neno "tukutane" kwa maana moja.

Nikaandika, "Nimeelewa. Safari njema." Nikashuka.

Ningeweza kurudi Loliondo kesho yake. Mwenyeji wangu alidhani nitafanya hivyo. Lakini nilikuwa nimeomba siku sita, na nilizitaka zote. Asubuhi niliamka mapema kwa mazoea, nikachukua ufagio, akaninyang'anya. Nikakimbilia vyombo, akanikalisha. Nilikuwa mgeni mbovu kabisa. Sikujua mikono ya mgeni inawekwa wapi. Mwishowe aliniruhusu kumfuata shambani, kwa sababu siku hiyo ilikuwa zamu yake ya maji.

Mifereji ilikuwepo kweli. Ilichongwa ubavuni mwa mlima, na maji yalipita humo bila haraka, yakifunguliwa na kufungwa kwa udongo na mawe, shamba kwa shamba, kwa utaratibu ambao kila mtu pale aliujua kichwani. Nilivua viatu nikasimama ndani ya maji nikisaidia kuziba. Nilimkumbuka msichana wa chuo nikataka kumwomba radhi.

Tulipopumzika mwenyeji wangu aliniuliza nani anakamua ng'ombe wangu. Nikasema mume. Nani anamwangalia mama mkwe? Wifi. Watoto? Wakubwa. Aliinamisha kichwa, akawa anaosha jembe ambalo lilikuwa limeshatakata.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni mtu huru sana. Mimi hata Karatu sijafika. Zamu ya maji ikinipita, shamba linakauka."

Sikuwahi kutegemea kusikia hivyo. Nilifungua mdomo nimweleze: kiharusi, ndoo, vipindi, miaka ishirini na sita, na kwamba aliyenialika amenitupa. Nilitaka aniondolee jina hilo. Nikaona jinsi alivyokuwa ananitazama, nikajua kwamba hata nikieleza hatasikia, kama mimi nisivyowasikia wageni wangu. Yule mwenye ndevu aliwahi kuniambia kwamba mama yake alizikwa yeye akiwa jangwani, nami nikajibu pole, na kesho yake nikamwonea wivu vilevile. Kwa hiyo sikumweleza. Nilimwambia tu kwamba akija Karatu nina chumba. Akacheka, akasema maji yanafika, tuinuke.

Nilirudi nyumbani siku ya sita jioni. Mume wangu alikuwa na michubuko kwenye vidole vya kukamulia na alitaka niione. Wifi alikuwa amechoka na hakuficha. Mama mkwe aligeuza kichwa nilipoingia, akaniuliza kama nilifika. Nikasema nilifika. Akauliza niliuza nini. Nikamwambia sikuuza kitu, nilikwenda kutazama tu. Alinitazama kwa mashaka makubwa, akaniomba maji.

Alikufa mwaka uliofuata, kabla ya mavuno. Miezi ile ya mwisho nilimlisha polepole. Sitasema safari ilinifanya mtu mwema, kwa sababu siku nyingine nilichoka na kukereka kama zamani. Lakini nilikuwa namuuliza habari za ile njia ya punda, naye akawa ananieleza kituo kimoja kimoja, na mara nyingi uji ulikuwa unapoa sisi tuko bado juu ya kreta.

Mgeni wangu wa miaka hamsini na moja aliandika mara mbili. Ya kwanza alikuwa Ethiopia, akanitumia picha ya mlima. Ya pili aliomba radhi kwa habari ya Samunge, maneno machache, nikaona yalimgharimu. Nilimjibu kwamba mifereji nimeiona, na maji yake ni ya baridi.

Bado nalaza wageni, ingawa siyo kila anayeomba. Wivu bado unakuja, hasa asubuhi, wanapofunga mizigo, na sijifanyi kuwa haupo. Mwezi wa sita uliopita tulikwenda Ziwa Eyasi mimi na jirani yangu, siku tatu, kwa basi, tukala samaki na kuchomwa na jua. Mwaka huu mume wangu ameniuliza mapema nitakwenda lini, ili akaandike likizo. Nimemwambia bado nafikiri. Ameniambia nisifikiri sana, maana kuna madereva wengine nao wanataka mwezi huohuo.